Injini Zilizovunja Rekodi, na Ile Itakayoingia Chini ya Boneti Yako

Hotrodi ni gari la zamani la Kimarekani, mara nyingi Ford ya miaka ya 1920 au 1930, lililovuliwa madigadi na kila uzito usio na kazi, kisha likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile lililotoka nayo kiwandani. Wajenzi wake wa mwanzo walikuwa vijana wa kusini mwa California wasio na fedha za kununua gari la kifahari, lakini wenye spana, banda nyuma ya nyumba na mahali pa kukimbizia: maziwa makavu ya jangwani kama Muroc. Mwaka 1937 waliunda chama chao, Southern California Timing Association, na tangu hapo ubishi wa nani ana gari la kasi ukaamuliwa na saa.

Rekodi zilizofuata ni nyingi mno kuzimaliza hapa. Nimechagua zile zinazomfaa mtu aliye na bodi tupu juu ya mawe na pengo kubwa mahali pa injini, maana kila moja ina jambo la kumwambia kabla hajatoa fedha.

Tuanze na Ford ya 1932. Injini ya V8 haikuwa ngeni. Cadillac ilikuwa nayo tangu 1914. Lakini hiyo ilikuwa mali ya matajiri. Henry Ford alitaka silinda zote nane zisubiwe katika bloku moja ya chuma, jambo ambalo wengi waliliona haliwezekani kwa uzalishaji wa bei nafuu, na akalipata. Gari la wazi lenye injini hiyo liliuzwa chini ya dola 500. Ilikuwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu farasi 65, wakati Model A iliyokuwa ikitengenezwa mwaka mmoja tu kabla yake ilikuwa na 40. Hiyo ndiyo V8 ya kwanza ya mtu wa kawaida, na kwa sababu ziliuzwa nyingi, baada ya miaka michache zilijaa kwenye viwanja vya magari mabovu. Kijana aliyekuwa na Model T ya baba yake angeweza kuinunua kwa fedha kidogo na kuifunga mwenyewe.

Valvu zake zimekaa ndani ya bloku, si juu ya silinda, ndiyo maana silinda hedi zake ni bapa kama sinia na injini nzima ni fupi kwa kimo. Inaingia popote. Ila muundo huohuo ndio ugonjwa wake: moshi wa moto hupitishwa katikati ya bloku, kando ya njia za maji, kabla ya kutoka kwenye eksozi. Kila upande una silinda nne lakini matundu matatu tu ya kutolea moshi, kwa kuwa silinda mbili za katikati zinashirikiana tundu moja. Anayeichagua leo aanze kufikiria rejeta kabla ya kabureta. Na akague bloku nyufa kwa fundi mwenye vifaa. Bloku hizi ni za zamani na nyingi zimeshachemshwa mara kadhaa.

Hata hivyo injini hii dhaifu kwa karatasi ilifanya makubwa. Mwaka 1950, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, gari la Alex Xydias na Dean Batchelor lililofunikwa bodi ya kukata upepo lilivuka maili 200 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 320, likisukumwa na V8 ya aina hiyo. Ford iliacha kuitumia kwenye magari yake ya Marekani mwaka 1953. Wajenzi hawakuiacha: ndani ya karne hii, gari la Ron Main liitwalo Flatfire limevuka maili 300 kwa saa kwa bloku ya asili hiyohiyo.

Rekodi ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, haihusu kasi. Ni rekodi ya wingi, na mwenye nayo ni Chevrolet. Mwaka 1955 kiwanda hicho, chini ya uongozi wa mhandisi Ed Cole, kilitoa V8 ndogo ya lita 4.3. Kuta zake zilisubiwa nyembamba, na roka za valvu zilifinyangwa kwa bati la chuma badala ya kutengenezwa kwa gharama kubwa. Matokeo yake V8 nzima ikawa nyepesi kuliko injini ya Chevrolet ya silinda sita iliyokuwepo. Miaka miwili baadaye, ikiwa imepanuliwa hadi inchi 283 za ujazo na kufungwa mfumo wa kupulizia mafuta, ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 283: farasi mmoja kwa kila inchi. Ikaja ile ya inchi 350, lita 5.7, ambayo kwa miongo kadhaa ilifungwa kwenye kila kitu, kuanzia Corvette hadi magari ya kubebea mizigo. Mwaka 2011 General Motors iliadhimisha injini ya milioni 100 ya ukoo huo.

Lazima niseme hesabu hiyo inakusanya vizazi ambavyo vipuri vyake haviingiliani. Kinachoviunganisha ni kipimo kimoja ambacho hakijabadilika: kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni inchi 4.4. Lakini hata ukihesabu kizazi cha kwanza peke yake, hakuna V8 iliyotapakaa kama hiyo, na kwa mjenzi wa nyumbani wingi ni nguvu kuliko farasi. Wingi maana yake gasketi inapatikana duka la karibu. Maana yake fundi yeyote ameshaifungua, na kosa utakalolifanya limeshafanywa na wengine na dawa yake inajulikana. Boliti za kufungia gia boksi zilibaki mahali palepale kwa miongo, kwa hiyo gia boksi ya gari moja hukubali injini ya lingine. Watu husema kufunga Chevrolet kwenye Ford ni uvivu. Mimi naona ni akili ileile ya wale vijana wa Muroc: walichukua kilichokuwa kimejaa.

V8 hiyo ina kasoro moja ambayo mwenye Ford ya 1932 ataikuta siku ya kwanza. Distribyuta ya Chevrolet iko nyuma ya injini, na ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva uko karibu. Ama unaukata ukuta huo na kuuchimba kwa ndani, ama unaisogeza injini mbele hadi feni iguse rejeta. V8 ndogo ya Ford ya lita 4.9 ina distribyuta mbele, kwa hiyo ukuta unasalimika, ila sasa upime nafasi ya pampu ya maji.

Kwa wepesi, taji nampa Buick ya 1961. V8 yake ya alumini ya lita 3.5, iliyotumiwa pia na Oldsmobile, ilikuwa na uzito wa kilo 144 hivi, wakati V8 ndogo ya Chevrolet ya chuma ilikaribia 260. General Motors iliiacha baada ya miaka mitatu. Rover ya Uingereza ikanunua haki zake mwaka 1965 na kuitumia kwa karibu miongo minne. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ameshaisikia ikinguruma chini ya boneti ya Range Rover za zamani. Na bloku ya Oldsmobile ya ukoo huo ndiyo iliyokuwa msingi wa injini ya Repco iliyompa Jack Brabham ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1966, akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe. Hakuna dereva mwingine aliyefanya hivyo hadi leo. Kwa hotrodi ndogo ya Model T, ambayo ekseli yake ya mbele haikuumbwa kubeba mzigo, sijui kwa nini watu hawaifikirii mara nyingi zaidi.

Sasa ukubwa, ambao huwavuta wengi na kuwapoteza wengi. V8 kubwa kuliko zote zilizofungwa kwenye magari ya kawaida ya Marekani baada ya vita ni ya Cadillac Eldorado ya 1970: inchi 500 za ujazo, lita 8.2, nguvu farasi 400. Kufikia 1976, ikiwa na ujazo uleule, iliandikwa nguvu farasi 190. Sehemu ya anguko hilo ni njia ya kupima iliyobadilika mwaka 1972, injini zilipoanza kupimwa zikiwa na feni, eksozi na vifaa vyake vyote. Sehemu nyingine ni mgandamizo uliopunguzwa kwa ajili ya sheria za moshi. Atakayeuziwa injini kwa namba ya farasi tu aulize kwanza ni ya mwaka gani.

Weka pembeni yake injini ya magari ya Top Fuel ya mashindano ya mbio fupi. Nayo ina kikomo cha inchi 500, ujazo uleule wa Cadillac. Imetokana na Hemi ya Chrysler ya 1964, iitwayo hivyo kwa chumba chake cha mwako chenye umbo la nusu tufe, ambacho huachia valvu kubwa kukaa na hewa kupita kwa urahisi. Inalishwa nitromethani na hewa iliyosukumwa kwa supachaja, na makadirio ya nguvu yake yanapita farasi 11,000. Baada ya kila mbio za sekunde chache hufunguliwa na kujengwa upya. Ukubwa ni uleule, nguvu ni karibu mara 60 ya ile ya Cadillac ya 1976, na umri umepungua kwa kiasi cha kutisha. Hemi ya barabarani ya miaka ya 1960 ni kitu kingine, inadumu, lakini ina uzito wa kilo 380 hivi, na uzito huo wote unakaa juu ya magurudumu ya mbele.

Waingereza walikwenda mbali zaidi kwa injini za ndege. J. G. Parry-Thomas alinunua kwa pauni 125 gari lililojengwa na Count Louis Zborowski lenye injini ya ndege aina ya Liberty, V12 ya lita 27, akaliboresha na kuliita Babs. Mwaka 1926 aliweka nalo rekodi ya dunia ya kilomita 275 kwa saa katika ufukwe wa Pendine huko Wales. Mwaka uliofuata likamuua palepale. Miaka ya 1970 John Dodd, mtaalamu wa gia boksi za otomatiki, aliendesha barabarani gari refu lenye injini ya Rolls-Royce Merlin, nayo ya lita 27. Utaalamu wake huo si jambo la pembeni: nguvu ya injini ya ndege si shida kuipata, shida ni kuifikisha kwenye magurudumu bila kuvunja kila kilichopo katikati.

Kwa kasi, fuata idadi ya injini. Mwaka 1960 Mickey Thompson alifunga Pontiac nne kwenye Challenger yake na kufikia kilomita 654 kwa saa, lakini gari likaharibika kabla ya mbio za kurudi, na bila wastani wa pande mbili hakuna rekodi. Mwaka 1965 ndugu wa Summers walifunga Hemi nne kwenye Goldenrod wakapata kilomita 658. Mwaka 1991 Al Teague aliwapita kidogo sana kwa Hemi moja yenye supachaja. Danny, mwana wa Mickey, akachukua gari ambalo baba yake alilijenga mwaka 1968 na, mwaka 2018, akiwa na Hemi mbili za nitromethani, akafika kilomita 722. Mwaka 2020 Speed Demon ya George Poteet ikaweka kilomita 756 kwa injini moja ya pistoni na tabo mbili.

Kama ningeulizwa leo injini ya mjenzi anayeanza, ningetaja V8 ya lita 5.3 ya bloku ya chuma iliyofungwa kwenye pikapu za Chevrolet kuanzia 1999. Ni nyingi, ni ngumu, na ina nguvu za kutosha kabisa kwa gari jepesi. Inunue kutoka gari moja lililochinjwa, pamoja na gia boksi, waya zote na kompyuta yake, kwa sababu kuokoteza waya kutoka magari matatu ni kazi ya miezi. Kisha, kabla ya kuiwasha, ingia chini ya gari uangalie breki. Ford ilishikilia breki za fimbo hadi ilipokubali breki za mafuta kwenye magari ya 1939, kwa hiyo bodi ya 1932 iliyobaki na breki zake za asili ilipangiwa kusimamisha farasi 65. Tangu zamani wajenzi wamekuwa wakihamisha breki za Ford au Lincoln za miaka ya 1939 hadi 1948, na kwa injini ya kisasa diski za mbele ni bora zaidi. Bajeti ya kazi hiyo itengwe siku ileile unapokwenda kununua injini.