Kabla Hujanunua Betri Mpya, Tazama Vichwa Vyake

Wengi wenu mmepata kukutwa na mkasa wa gari kukataa kuwaka, hali saa ya kazi imewadia na jirani wote wanakutazama. Leo napenda kuwasimulia yaliyonipata mimi hapa Bujumbura, ili fedha nilizopoteza ziwe faida kwa mwingine.

Gari langu ni kuukuu, lililokwisha tumiwa ng'ambo kabla ya kunifikia. Asubuhi moja nilizungusha ufunguo, likatoa sauti moja tu, "tak!", kisha likanyamaza. Fundi niliyemwita hakupima chochote. Alitazama tu, akasema, "Betri imekufa, bwana." Nikanunua mpya kwa fedha tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya karo ya watoto, na ile ya zamani nikamwachia kama takataka. Gari likawaka, nami nikamshukuru sana.

Haikupita miezi mitatu, mtoto wetu mdogo akashikwa na homa kali usiku wa manane. Mama watoto akamfunga katika kitenge, tukatoka mbio. Nikazungusha ufunguo: "tak!" Betri ilikuwa mpya, na mtoto alikuwa akitetemeka kifuani mwa mama yake.

Jirani yetu, mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi, alisikia sauti zetu akatoka na tochi. "Mwalimu, washa taa," akaniambia. Huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu, ingawa kazi yangu sasa ni ya ofisini. Taa zikawaka vizuri. "Haya, zungusha ufunguo." Taa zikafifia hata zikakaribia kuzimika. Mzee akafungua boneti, akakishika kibanio cha waya juu ya betri kwa vidole viwili, nacho kikacheza kama jino bovu. Chini yake palikuwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani. Akaniomba spana ya namba 10, ambayo nilikuwa nayo chini ya kiti tangu siku niliponunua gari. Akakisokota kile kibanio, akakikaza, na gari likawaka mara moja.

Mtoto alitibiwa akapona. Lakini mimi sikuacha kuwaza. Huenda betri ya kwanza haikuwa na ubaya wowote. Fundi alipofunga mpya alikisogeza kibanio kile kile kichafu, kikashika kwa muda, ndipo gari likawaka. Sijui betri yangu imo katika gari la nani leo.

Tujiulize basi, kwa nini taa ziwake na injini ikatae? Betri ya gari, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina vyumba 6 vyenye mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi. Kila chumba hutoa volti 2 hivi, na vyote kwa pamoja hufanya volti 12. Taa hutumia umeme mdogo, lakini stata huhitaji ampea zaidi ya 100 kwa mara moja. Uchafu kidogo juu ya vichwa vya betri huweza kuruhusu umeme wa taa upite, na kuuzuia ule wa stata. Ni kama mfereji ulioziba nusu: maji ya kunawa yatapita, ya kumwagilia shamba hayatatosha.

Kusafisha si kazi ngumu. Zima gari, vaa glavu na kinga macho. Usivute sigara wala kuwasha kiberiti, kwa maana betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Fungua kwanza waya wa upande wa hasi, kisha ule wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itatoa cheche kali. Chukua magadi yale yale ambayo mama hutia katika maharage, yakoroge katika maji ya moto, na usugue vichwa na vibanio kwa mswaki mkuukuu. Utaona povu likifoka. Ndiyo asidi inayouawa. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi kidogo. Asidi ikikurukia, osha mara moja kwa maji mengi.

Ukimaliza, azima mita ya kupimia umeme. Betri nzuri iliyopumzika kwa saa kadhaa huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma huwa kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa haipandi, ugonjwa uko katika altaneta, mkanda au nyaya zake, na betri mpya haitakufaa. Lakini ikiwa betri imechajiwa vizuri na bado inashuka upesi, hapo kweli imezeeka, kwani joto la kando ya ziwa letu hufupisha umri wake.

Hata hivyo, kujitengenezea si kujifanya mjuzi wa yote. Breki mpelekee fundi aaminikaye. Magari yanayotumia petroli na umeme pamoja yana nyaya za rangi ya machungwa zenye umeme wa kuua, usiziguse kamwe. Wala sisemi mafundi ni waongo, kwani Buyenzi nimewaona wengi wanaopima kwanza ndipo waseme. Fundi wa namna hiyo mlipe kwa moyo mweupe.

Siku hizi, kila mwisho wa mwezi, mimi na kijana wangu mkubwa hufungua boneti na kutikisa vile vibanio. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Usiku ule ingalituokolea robo saa, na mzazi aliyebeba mtoto mwenye homa anajua urefu wa robo saa.