Sumu Haionjwi: Tundu la Usalama Ndani ya Langflow

Ukipewa daftari la mapishi ulikague kama limeandikwa vizuri, hutarajii jiko liwake. Watengenezaji wa Langflow walidhani ndivyo ilivyo pia kwa kukagua msimbo. Mwaka 2025 ikadhihirika kwamba ndani ya programu yao, kulisoma daftari kulikuwa kunawasha jiko, na daftari lenyewe angeweza kulileta yeyote apitaye njiani.

Langflow ni programu huria ya kupanga mitiririko ya kazi zinazotumia akili mnemba. Unaburuta visanduku kwenye skrini na kuviunganisha kwa mistari: hiki kinasoma nyaraka, kile kinaiuliza modeli ya lugha, kingine kinahifadhi jibu kwenye hifadhidata. Visanduku vilivyomo visipokutosha, unaandika chako kwa lugha ya Python. Hapo ndipo ilipohitajika huduma ya ukaguzi: msimbo wako unatumwa kwenye mlango wa seva uitwao /api/v1/validate/code, nao unakujibu kama kuna makosa.

Hitaji hilo ni la haki kabisa. Kilichoharibika ni namna lilivyotimizwa. Seva ilichambua sarufi ya msimbo, ikapakia maktaba zilizotajwa ndani yake, kisha kila fungu la maagizo lililopewa jina ikalipitisha kwenye exec, amri ya Python inayotekeleza chochote inacholishwa. Ukifanya hivyo ni lazima uwe unaamini kwamba kulitangaza fungu si kuliendesha, kwamba maagizo yaliyomo yamelala mpaka siku yatakapoitwa.

Imani hiyo ni sahihi kwa tumbo la fungu. Kichwani mambo ni mengine. Kichwa cha fungu kinaweza kubeba thamani za awali, mfano wa mapishi yanayosema: mtu asipotaja kiasi cha chumvi, weka kijiko kimoja. Lakini pale palipopaswa kukaa “kijiko kimoja”, Python inaruhusu uandike amri nzima, nayo huitekeleza papo hapo fungu linapotangazwa ili ijue kiasi chenyewe mapema. Hata yale mapambo yanayowekwa juu ya fungu hufanyiwa kazi wakati uleule. Hii si hitilafu ya Python. Ndivyo lugha ilivyoundwa. Basi mshambuliaji aliandika fungu lenye tumbo tupu na kichwa kilichojaa amri. Tena hakuhitaji kuhangaika kutafuta matokeo: aliyafanya yajitokeze kama kosa, na mkaguzi, ambaye kazi yake ni kuripoti makosa, akamrudishia yote kwa uaminifu.

Wahenga walishasema sumu haionjwi. Hapa iliwekwa mashine ya kuionja, na mlangoni hapakuwa na mtu wa kuuliza nenosiri.

Watafiti wa kampuni ya usalama ya Horizon3.ai ndio waliouanika udhaifu huo. Ulisajiliwa kwa namba CVE-2025-3248 na kupewa alama ya ukali ya 9.8 kati ya 10. Matoleo yote kabla ya 1.3.0 yalikuwa nao. Mwezi Mei 2025 shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, CISA, liliuingiza kwenye orodha yake ya udhaifu ambao tayari unatumiwa na wahalifu. Mwezi uliofuata kampuni nyingine ya usalama, Trend Micro, ikaeleza jinsi seva za Langflow zilivyokuwa zikitekwa na kupandikizwa programu haribifu ya Flodrix, ambayo huzigeuza kuwa askari wa kuzifurika tovuti za watu wengine kwa maombi hadi zizimie.

Mimi hilo la askari halinitishi kama wizi wa kimyakimya. Programu ya mitiririko ya kazi hushika funguo za nyumba nzima. Ili ivute nyaraka huku na kuandika kwenye hifadhidata kule, ni lazima ipewe nywila ya kila inakokwenda, na huduma za modeli hutozwa kwa matumizi, kwa hiyo mwizi wa ufunguo anakuachia ankara. Apache Airflow, programu nyingine huria ya jamii hii, ilipatwa na jambo la kufanana mwaka 2020: mfano wa mafunzo uliokuja na programu uliruhusu kupenyeza amri, na njia ya kuuchochea kutoka nje ilikuwa haidai utambulisho kwa mpangilio wa awali.

Toleo la 1.3.0 liliweka kufuli mlangoni: sasa ni sharti uwe umeingia kwa akaunti. Kilichomo ndani hakikubadilika. Mwenye akaunti bado angeweza kuendesha amri zake. Na katika matoleo ya wakati ule, mpangilio wa AUTO_LOGIN ulikuja ukiwa umewashwa, ukimwingiza kila mgeni kama msimamizi mkuu. Kwa hiyo aliyesasisha programu akauacha hivyo, alinunua kufuli akaning’iniza ufunguo kando yake. Kama unaendesha Langflow, zima mpangilio huo, hamia toleo la karibuni zaidi, na seva iwe ndani ya mtandao wa ofisi, isionekane kwenye intaneti ya wazi. Na ikiwa mwaka 2025 ilikuwa wazi hata kwa siku chache, badilisha kila nywila na kila ufunguo uliowahi kuwekwa humo, maana kusasisha programu hakumnyang’anyi mwizi alichokwisha kunakili.