Njia Panda za Mitaani: Kona Ionekane, Gari Lipunguze Kasi

Habari za ajali zinazosikika redioni mara nyingi ni za barabara kuu. Hata hivyo, mkazi wa Tudor, Mtopanga, Mikindani au Mtongwe huvuka barabara kuu mara chache kwa siku, ilhali njia panda iliyo karibu na nyumba yake huivuka kila anapokwenda dukani, msikitini, kanisani, shuleni au stejini. Watoto huivuka peke yao. Hapo hakuna taa za trafiki wala askari, na mara nyingi hakuna hata alama. Kinachoamua nani apite kwanza ni macho na kasi.

Kwa mujibu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), watu 4,748 walifariki barabarani nchini Kenya mwaka wa 2024, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la wanaotembea kwa miguu. Wengi husema suluhisho la mtaani ni tuta. Tuta lina faida yake, lakini kuna mambo mawili yanayotangulia: je, kona inaonekana, na je, gari linafika hapo likiwa na kasi inayoweza kusimamishwa?

Mita 15

Sheria ya Trafiki inaweka kilomita 50 kwa saa kuwa kiwango cha juu ndani ya miji na vituo vya biashara. Hicho ni kikomo, si kasi ambayo kila dereva anapaswa kuifikia katika kila kichochoro. Tofauti kati ya kilomita 50 na 30 inaonekana ndogo kwenye mshale wa gari, lakini barabarani ni kubwa mno.

Dereva akiona hatari, huchukua takriban sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Katika sekunde hiyo, gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husonga mita 8, na la kilomita 50 husonga karibu mita 14. Kisha breki nazo huhitaji nafasi yake. Kwenye lami kavu na breki nzuri, gari la kilomita 30 husimama baada ya takriban mita 13 kwa jumla. La kilomita 50 huhitaji kama mita 28.

Sasa mtoto atokeze mita 15 mbele, akifuata mpira. Gari la kilomita 30 litasimama kabla ya kumfikia. La kilomita 40 litamgonga likiwa bado na kasi ya karibu kilomita 30. La kilomita 50 litamfikia wakati breki ndiyo kwanza inaanza kushika, yaani kwa kasi karibu ile ile liliyokuwa nayo. Mvua ikinyesha au matairi yakiwa yameisha, hesabu huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika na watu wanaotembea, na mataifa yaliyokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020 yalikubaliana na msimamo huo huo.

Kuna jambo ambalo wakazi wengi wameliona bila kuambiwa na mhandisi. Mtaa uliokuwa na mashimo na mchanga, magari yalikwenda polepole kwa lazima. Ukishawekwa kabro au lami, vumbi linaisha na tuktuk zinafika mlangoni, lakini bodaboda nazo huanza kupita kama ziko kwenye barabara ya Malindi. Barabara nzuri ni haki ya mkazi. Kosa ni kuitengeneza halafu kuiacha njia panda yake kama ilivyokuwa, bila mistari, bila alama na bila kitu cha kumfanya dereva apunguze mwendo.

Kupima kona kwa macho

Mkazi hahitaji mashine ili ajue kama kona yake ni hatari. Asimame upande wa kushoto wa barabara ndogo, mahali ambapo dereva anayetoka angekuwa ameketi, kama mita mbili na nusu kabla ya kufika kwenye ukingo wa barabara kubwa. Kisha atazame kulia, kwa sababu Kenya magari hukaa kushoto na gari la kwanza linaloweza kumgonga hutoka kulia. Baadaye atazame kushoto. Ikiwa magari ya barabara kubwa hukimbia kilomita 30 kwa saa, anapaswa kuona bila kizuizi umbali wa mita 25 hivi, ambazo ni kama hatua 35 za mtu mzima. Yakikimbia 50, anahitaji mita 45. Umbali huu ni mrefu kuliko ule wa kusimama uliotajwa juu kwa sababu wahandisi huacha akiba kwa dereva anayechelewa na breki zisizo kali.

Baada ya hapo achuchumae mpaka macho yake yawe kwenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, atazame tena. Kona nyingi zinazopita mtihani wa kwanza huanguka huu wa pili.

Vinavyoziba macho ni vile vile kila mahali: gari lililoegeshwa kwenye pembe, ukuta uliojengwa mpaka ukingoni, ua ambao haujakatwa tangu masika, rundo la mchanga wa ujenzi, lango la chuma linalofunguka kwa nje, kibanda. Kwa magari, Uingereza inawaelekeza madereva wasiegeshe ndani ya mita 10 za njia panda, na sheria ya California iliyopitishwa mwaka wa 2023 inakataza kuegesha karibu mita 6 kabla ya kivuko cha watu. Hatua hii haihitaji kokoto wala saruji. Ni gari moja kusogea.

Kibanda ni suala zito zaidi, na ni hapa ambapo mipango mingi ya usalama hukwama. Anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, au viazi karai jioni, hakuichagua kona kwa bahati. Aliichagua kwa sababu njia zote zinakutana hapo, na wateja wa mitaa miwili au mitatu lazima wapite mbele yake. Kinachomfaa muuzaji ndicho kinachomhatarisha mteja, hasa mtoto aliyetumwa na shilingi ishirini mkononi, ambaye hutokea nyuma ya meza na kuingia barabarani kwa hatua mbili.

Kumfukuza muuzaji huyo hakutatui chochote. Asipopewa mahali pengine atarudi baada ya wiki, naye ana watoto wa kulisha. Linalowezekana ni kusogea mita 10 kutoka kwenye pembe. Mteja wa mahamri hapotei kwa mita 10. Harufu yenyewe humwongoza. Ugumu ni kwamba mita 10 mbele ni mlangoni pa mtu, au ni nafasi ya muuzaji mwingine aliyekuwa hapo kwanza. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike kabla ya kibanda kuguswa: muuzaji mwenyewe, mwenye nyumba, wazee wa mtaa na msimamizi wa wadi wakae, na nafasi mpya ikubaliwe na wote, ikiwezekana kwa maandishi.

Wakati mwingine hata kusogea si lazima. Kitu kisichozidi sentimita 60 kwa urefu hakimzuii dereva kuona. Mwavuli pia si tatizo, kwa kuwa macho hupita chini yake. Tatizo ni turubai au magunia yanayoning'inizwa pembeni kuzuia jua la jioni, na kreti za soda zinazopangwa mpaka kifuani.

Kona ikishafunguliwa lazima ilindwe. Nafasi iliyoachwa tupu hujazwa na gari usiku ule ule. Nguzo fupi za zege, mawe makubwa yaliyopakwa chokaa au vyungu vya maua vifupi huzuia magari bila kuzuia macho.

Steji za bodaboda na tuktuk zina kanuni moja rahisi: ziwe baada ya njia panda, si kabla yake. Chombo kikisimama kabla ya njia panda, humficha anayevuka mbele yake. Kikisimama baada ya njia panda, abiria hushuka na kuvuka nyuma yake, mahali ambapo madereva wanamwona.

Tuta, rangi na pembe

Tuta lililojengwa vizuri ni pana na lina mteremko laini. Umbo lililochunguzwa na kutumiwa sana duniani lina upana wa takriban mita 3.7 kuelekea mwendo wa gari, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Huliweka gari kwenye mwendo mdogo bila kulivunja. Matuta mengi ambayo wakazi hujijengea baada ya ajali ni kinyume chake: membamba, makali, na hayana rangi. Uchungu unaowasukuma kuyajenga unaeleweka, lakini tuta lisiloonekana usiku ni mtego, na wa kwanza kunaswa ni mwendesha pikipiki na abiria wake. Ambulensi nayo hulazimika kutambaa. Katika mitaa ya Mombasa kuna tatizo jingine: mvua za Aprili na Mei zikianza, tuta lisiloachiwa njia ya maji ukingoni hugeuka kuwa bwawa, na wenye miguu hulikwepa kwa kuingia katikati ya barabara.

Penye watoto wengi, bora zaidi ni tuta bapa ambalo juu yake ndiyo kivuko chenyewe. Mtoto huvuka akiwa ameinuliwa kidogo, anaonekana, na gari limeshapunguza mwendo kabla ya kumfikia.

Rangi ni bei nafuu na hudharauliwa. Mstari wa kupisha mdomoni mwa barabara ndogo, pamoja na alama ya pembetatu iliyogeuzwa au ile nyekundu ya pembe nane inayoamuru kusimama, humaliza ubishi wa nani ana haki ya kupita kwanza. Lakini alama ya kusimama iliyowekwa mahali ambapo dereva haoni sababu ya kusimama hupuuzwa ndani ya mwezi mmoja, na ikipuuzwa hapo itapuuzwa kwingine. Afadhali chache zinazoheshimiwa.

Umbo la pembe nalo lina kazi. Pembe iliyochongwa kwa mviringo mpana humruhusu dereva wa matatu akate kona bila kugusa breki. Ikibanwa, analazimika kupunguza kasi, na anayevuka hupata safari fupi kutoka ukingo hadi ukingo. Isibanwe kiasi kwamba lori la taka au la zimamoto lishindwe kugeuka.

Pale njia nne zinapokutana, wahandisi huhesabu sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Zikikutana njia tatu, sehemu hizo ni 9. Raundabauti ndogo yenye njia nne ina sehemu 8 tu, na kila anayeingia hupisha aliye kulia kwake. Panapokosekana nafasi ya kujenga, duara lililoinuliwa kidogo katikati, ambalo lori linaweza kulikanyaga, huweza kutosha.

Taa zisisahauliwe. Mulika mwizi huangaza eneo kubwa na hupunguza uhalifu, lakini huweza kuacha kivuli kwenye kona yenye ukuta au mwembe. Taa ya nguzo iliyo karibu na kivuko humwonyesha mtu mwenyewe.

Kwamba hatua hizi ndogo hufanya kazi katika miji yetu kumethibitishwa karibu tu, Dar es Salaam. Shirika la Amend lilipitia maeneo ya shule za msingi, likatazama watoto wanagongwa wapi, kisha likaweka matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo, na hata kuhamisha malango ya shule yaliyofunguka kwenye barabara yenye magari mengi. Utafiti uliofuata ulionyesha majeraha ya watoto barabarani yakipungua kwa hadi asilimia 26, na mwaka wa 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross.

Ombi lipelekwe wapi

Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Barabara ya Mombasa–Nairobi na ya Mombasa–Malindi ziko chini ya KeNHA, na baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya KURA. Ombi lililopelekwa kwa afisi isiyohusika hupoteza miezi, kwa hiyo swali la kwanza kwa msimamizi wa wadi ni: barabara hii ni ya nani? Makosa ya uendeshaji yanabaki kwa polisi wa trafiki.

Kusogeza gari, kukata ua na kuondoa rundo la mchanga hakuhitaji bajeti. Kazi inayohitaji fedha hufuata kalenda. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kona isiyotajwa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma kabla ya mpango wa Septemba ni vigumu kuingizwa Aprili. Kando ya vikao hivyo, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti.

Ombi lenye uzito hutaja mahali hasa kwa majina ya barabara zinazokutana. Huambatishwa picha zilizopigwa kutoka kimo cha dereva na cha mtoto, hesabu ya watu wanaovuka kwa saa moja asubuhi na moja jioni, na tarehe za ajali zilizotokea, hata zile ambazo hazikufika polisi. Watu walioponea chupuchupu wahesabiwe pia, kwa sababu huwa wengi kuliko waliogongwa na huonyesha tatizo mapema. Iwapo kuna muuzaji atakayeathirika, makubaliano naye yaambatishwe.

Rangi ikishapakwa, mtaa uteue mtu wa kuitazama kila baada ya miezi michache. Mchanga, jua na matairi huifuta, na mstari uliofifia unatakiwa kuripotiwa kwa msimamizi wa wadi kama linavyoripotiwa shimo.