Nyayo za mtandaoni na funzo la Garissa

KATIKA Kaunti ya Garissa wapo vijana waliozaliwa Kenya, wa wazazi Wakenya, ambao walipotimiza umri wa miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho waliambiwa kwamba wao ni wakimbizi.

Kosa lao lilikuwa njaa. Ukame ulipoangamiza mifugo, familia nyingi za Kaskazini Mashariki zilikwenda katika kambi za Dadaab kutafuta chakula, matibabu na masomo kwa watoto. Huko waliandikishwa pamoja na waliokimbia vita nchini Somalia, wakapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Mvua ilinyesha, wakarudi makwao. Alama zao hazikurudi nao. Zilibaki katika hifadhidata ya wakimbizi, na miaka mingi baadaye tarakilishi ilipolinganisha vidole, jibu likawa kwamba mwombaji si raia.

Watetezi wa haki wamekadiria kuwa watu wapatao 40,000 walinaswa kwa namna hiyo. Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake mjini Garissa, limewapigania kwa miaka mingi, hadi mahakamani. Bila kitambulisho, mtu hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura.

Kisa hicho hakikutokea kwenye intaneti. Hata hivyo, kinafafanua vyema jambo linalomhusu kila mwenye simu: habari iliyotolewa kwa sababu moja yaweza kuhifadhiwa, ikaunganishwa na nyingine na kutumiwa kwa sababu tofauti kabisa, huku mwenyewe hana habari. Biashara ya matangazo mtandaoni imejengwa juu ya msingi huo.

Kidakuzi ni nini?

Chombo kikuu cha biashara hiyo ni kidakuzi, ambacho wengi hukiita kuki. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama vile Chrome, Firefox, Safari au Opera.

Kilibuniwa mwaka wa 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape nchini Marekani. Nia ilikuwa njema. Kabla ya hapo, tovuti ilimsahau mgeni wake kila alipofungua ukurasa mpya, mithili ya mwenye duka anayemuuliza mteja jina kila anapogeuza shingo. Kidakuzi kiliiwezesha tovuti kukumbuka kwamba mtu fulani ameshaingia, na kwamba bidhaa fulani zimo kapuni mwake.

Tatizo lilianza pale ukurasa mmoja ulipokuwa mkusanyiko wa vipande vya kampuni nyingi. Habari zinatoka kwa gazeti, lakini tangazo linatoka kwa kampuni nyingine, video kwa nyingine na kitufe cha kusambaza makala kwa nyingine tena. Kila mojawapo yaweza kuacha kidakuzi chake. Hivyo ndivyo vidakuzi vya wahusika wengine, ambao msomaji hakuwatembelea wala hawafahamu.

Chukua mfano wa mama mkazi wa Garissa. Asubuhi anasoma kuhusu ugonjwa wa kisukari katika tovuti moja. Mchana anatafuta nauli ya basi la Nairobi katika nyingine. Jioni anauliza kuhusu mikopo katika ya tatu. Tovuti hizo tatu hazijuani. Lakini ikiwa kampuni moja ya matangazo ina kipande chake katika zote, yenyewe inaona safari nzima: mtu anayeshughulishwa na maradhi, anayepanga safari, na ambaye ana shida ya pesa.

Huenda kampuni hiyo haijui jina lake, bali nambari iliyokipa kivinjari chake. Siku atakapoandika nambari yake ya simu au anwani ya barua pepe mahali ambapo kampuni hiyo ipo, nambari ile inaweza kupata mwenyewe.

Kupima tangazo

Wafanyabiashara nao wana hoja. Mwenye duka la simu anayelipia tangazo la redio hawezi kujua ni wateja wangapi waliokuja kwa sababu ya tangazo hilo. Mtandaoni anaahidiwa hesabu kamili: wangapi waliliona, wangapi walilibonyeza, na wangapi walinunua.

Hesabu hiyo hupatikana mara nyingi kwa kuweka katika ukurasa wa malipo kipicha kisichoonekana, chenye ukubwa wa pikseli moja. Mnunuzi anapofika hapo, kivinjari chake hukiomba kipicha hicho kutoka kwa kampuni ya matangazo, na kwa kufanya hivyo hupeleka kidakuzi chake pia. Kampuni inatambua kwamba aliyenunua leo ndiye aliyeonyeshwa tangazo juzi.

Kuhesabu mauzo si dhambi. Shida ni kwamba ili kujua kama mtu mmoja amenunua kiatu, mfumo huo huwafuata maelfu ambao hawakununua chochote.

Alama zisizofutika

Wengine hudhani kwamba wakifuta vidakuzi wamefuta nyayo zao. Si lazima iwe hivyo. Kila kivinjari huieleza tovuti mambo kadhaa: aina ya kifaa, ukubwa wa skrini, lugha, saa za eneo na aina za maandishi kiliyonayo. Kila jambo peke yake ni la kawaida. Yakiunganishwa, huweza kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote.

Mwaka wa 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilichapisha matokeo ya utafiti wake uliohusu mamia ya maelfu ya vivinjari. Zaidi ya asilimia 80 vilikuwa na mchanganyiko wa sifa ambao hakuna kingine katika kundi hilo kilichokuwa nao. Si ajabu wataalamu wanaziita sifa hizo alama za vidole za kivinjari. Hizi, kama zile za Dadaab, haziondoki kwa kunawa mikono.

Kampuni zinazotengeneza vivinjari zimetofautiana katika kulikabili jambo hili. Safari ya kampuni ya Apple ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya wahusika wengine Machi 2020. Firefox nayo ilianza kuwazuia wafuatiliaji wengi wanaojulikana mwaka wa 2019, bila mtumiaji kuombwa lolote.

Google, ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo, iliahidi Januari 2020 kwamba Chrome ingeviondoa vidakuzi hivyo katika muda wa miaka miwili. Ahadi ilisogezwa mbele mara kadhaa, na Aprili 2025 kampuni hiyo ikatangaza kwamba uamuzi utabaki katika mipangilio ya mtumiaji mwenyewe. Asiyejua kwamba mipangilio hiyo ipo, basi, ameshaamuliwa.

Hata dirisha la siri si ngome. Huficha historia kwa anayeishika simu baadaye, lakini haliwafumbi macho walio upande wa pili. Mwaka wa 2024, katika kesi iliyowasilishwa Marekani, Google ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi zilizohusu watumiaji wa dirisha hilo.

Sheria yasemaje?

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inasisitiza kwamba habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, zisitumiwe kinyume cha kusudi hilo, na zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Mwenye habari ana haki ya kuelezwa zitakavyotumiwa, kupinga, kusahihisha zilizo na makosa na kudai zifutwe.

Sheria hiyo ina meno. Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, inayoendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash. Kampuni hiyo ilipatikana na hatia ya kutumia majina na nambari za simu ilizopata kwa watu wengine kutuma jumbe na kupiga simu za vitisho.

Lakini meno hayo hayamng'ati asiyeshtakiwa. Ndiyo maana mtumiaji hana budi kujilinda.

Hatua ya kwanza ni kufungua mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, na kuzuia vidakuzi vya wahusika wengine. Kurasa nyingi zitaendelea kufunguka kama kawaida. Ya pili ni kuchagua kukataa pale tovuti inapoomba idhini, badala ya kubonyeza kitufe kikubwa chenye rangi ili kuondoa usumbufu.

Ya tatu ni kuangalia kila programu imeruhusiwa kufikia nini katika simu. Programu ya tochi haina haja na orodha ya marafiki wala kujua mtu alipo. Na wanaotumia tarakilishi za saiba, au simu moja kwa familia nzima, wafunge akaunti zao na kufuta historia kabla ya kuondoka.

Wazazi waliowapeleka wanao Dadaab hawakuwa na nafasi ya kuuliza maswali. Walikuwa na njaa. Anayeombwa habari zake na tovuti anayo nafasi hiyo, na maswali ni matatu tu: zinatakiwa kwa nini, nani mwingine atazipata, na zitafutwa lini. Kuuliza si ujinga, na asiyejibiwa hana wajibu wa kutoa.