BODI IKIFA: TUITENGENEZE AU TUNUNUE NYINGINE?



Redio ikinyamaza, taa ya sola ikikataa kuwaka, au mashine ya kiwandani ikisimama katikati ya zamu, mara nyingi jibu tunalopewa ni fupi: "Bodi imekufa, nunua nyingine." Huenda jibu hilo ni la kweli. Lakini mara nyingi hutolewa kabla kifaa hakijafunguliwa, na anayeligharimia ni mfanyakazi, kwa akiba yake nyumbani au kwa ujuzi wake kazini. Kwa hiyo yafaa tueleze hapa ni wakati gani bodi itengenezwe, na ni wakati gani iachwe, inunuliwe nyingine.

Tunaanzia Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Humo wanaishi ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na wengi wao hutegemea sola kwa taa, redio na simu. Wapo mafundi wenye meza, mita ya kupimia umeme na pasi ya kulehemu. Lakini anayetaka bodi mpya mara nyingi hana budi kusafiri hadi Mbarara, mwendo wa kama kilomita 60, kulipa nauli ya kwenda na kurudi, na kupoteza siku nzima. Mtu wa namna hiyo hawezi kununua kwa kubahatisha.

BODI NI NINI?

Bodi ni ubao mwembamba ambao juu yake zimepita njia za shaba badala ya nyaya. Juu ya njia hizo vimeshikizwa vipuri vidogo vidogo kwa risasi iliyoyeyushwa: rizista, kapasita, dayodi, transista, fyuzi na vinginevyo. Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Austria, alitengeneza redio kwa njia hii akiwa Uingereza mwaka 1936, na tangu hapo ubao huo umeingia karibu katika kila chombo cha umeme.

Jambo la kukumbuka ni kwamba bodi si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa vitu makumi au mamia. Inaposemwa bodi imekufa, mara nyingi kilichokufa ni kipuri kimoja au viwili, au ni kiungo cha risasi kilichopasuka kwa joto na mtikisiko. Hatumzingi mgonjwa kwa sababu kidole kinamuuma.

KWANZA TUULIZE: NINI KIMEIUA?

Mwenzetu mmoja, mfanyakazi wa shamba la chai, aliiwekea familia yake sola huko Nakivale: paneli moja, betri ya volti 12, taa tatu, na kile chombo kidogo cha kudhibiti chaji ambacho mafundi wengi hukiita rigyuleta. Baada ya miezi kadhaa taa zilizimika. Akaambiwa rigyuleta imekufa. Akanunua mpya Mbarara, nayo haikumaliza wiki tatu. Alipofika na ya tatu mkononi, fundi mmoja mzee, mtu wa Kongo, alikataa kuifunga.

"Ndugu yangu, weka hiyo chini," alimwambia. "Nionyeshe betri kwanza."

Vichwa vya betri vilikuwa na ukoko mweupe, na waya mmoja ulikuwa ukicheza. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Paneli inayoitwa ya volti 12 ikiwa haijabebeshwa kitu hutoa kama volti 21 au 22 jua likiwa kali. Betri iliyofungwa vizuri huzishusha volti hizo hadi kama 13 au 14. Waya wa betri ukilegea, volti zote za paneli huiangukia bodi ya rigyuleta, na zile za bei nafuu haziwezi kuhimili. Mwenzetu alikuwa akinunua bodi ili kuponya ugonjwa wa waya. Mzee alisugua vichwa vya betri, akakaza bolti, akaifungua ile rigyuleta ya pili na kubadilisha transista moja iliyoungua. Ile ya tatu iliwekwa akiba.

Tangu siku hiyo mwenzetu anashika kanuni hii, nasi tunaitoa kwa kila mwenye sola: unapofunga rigyuleta, betri kwanza, paneli baadaye. Unapofungua, paneli kwanza, betri baadaye.

Jambo hili linajulikana hata katika nchi za mbali. Kule Chicago, Marekani, kampuni za Bally, Williams na Gottlieb zilitengeneza mashine za mchezo uitwao pinball, ambamo gololi ya chuma hupigwa huku na huku kwa nguvu ya koili za umeme. Kuanzia mwaka 1977 hivi mashine hizo zilianza kuendeshwa kwa wingi na bodi zenye kompyuta ndogo. Leo ni mashine kuukuu, na wanaozihifadhi wana swali lile lile letu. Wamekwisha kujifunza kwamba koili iliyoharibika ndani huvuta umeme kupita kiasi na kuunguza transista inayoiendesha. Anayeweka bodi mpya bila kupima koili huiunguza ile mpya pia.

Somo lao la pili ni la betri. Juu ya nyingi za bodi hizo paliwekwa betri ya kutunza kumbukumbu za mchezo. Betri ikizeeka huvuja, na maji yake hula njia za shaba. Hayo ndiyo yanayozipata redio zetu tunapoacha ndani mawe yaliyokwisha. Uvujaji ukiwa mdogo, fundi husafisha na kuunga njia iliyokatika kwa waya mwembamba. Ukiwa umepenya katika matundu ya bodi na chini ya vipuri vingi, hata hao wenye mapenzi makubwa na mashine zao huiweka kando bodi hiyo na kununua mpya.

WAKATI WA KUTENGENEZA

Yafaa kutengeneza ikiwa mambo haya manne yapo:

(a) Kilichoharibika kimeonekana au kimepimwa: fyuzi iliyokatika, kapasita iliyovimba kichwa, transista iliyoungua, kiungo kilichopasuka, tundu la chaji lililolegea.

(b) Njia za shaba ni nzima, au zimekatika mahali pachache.

(c) Kipuri kinapatikana, kiwe kipya au kimetolewa katika bodi kuukuu na kupimwa.

(d) Sababu ya kuharibika imejulikana na kuondolewa.

WAKATI WA KUNUNUA

Tusiwe na ubishi wa bure. Kuna bodi ambazo kuzitengeneza ni kujidanganya:

(a) Iliyoungua ubao wenyewe hadi kuwa makaa. Makaa hupitisha umeme, na hata ukibadilisha vipuri vyote umeme utatafuta njia humo.

(b) Iliyoliwa na kutu katika matundu na chini ya vipuri vingi.

(c) Ambayo kipuri kilichokufa ni ule ubongo wenye programu ya kiwanda, na programu hiyo haipatikani.

(d) Iliyokwisha kutengenezwa mara mbili tatu na ugonjwa ule ule ukarudi.

(e) Inayolinda uhai wa mtu, kama tutakavyoeleza hapa chini.

HESABU YA MFUKO

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Tuseme bodi mpya ni shilingi 50,000, nauli ni 20,000, na siku iliyopotea ni 10,000. Jumla ni 80,000. Bodi hiyo ikidumu miezi 24, kila mwezi umekugharimu kama shilingi 3,300. Sasa tuseme kutengeneza ni 15,000. Ikidumu miezi sita, kila mwezi ni shilingi 2,500, na kutengeneza kumeshinda. Lakini ikidumu miezi mitatu tu, kila mwezi ni 5,000, na kununua kumeshinda. Kwa hiyo usimwulize fundi bei peke yake. Mwulize pia: "Itadumu muda gani, na ikirudi utaitazama bila malipo?" Fundi anayejua alichokitengeneza hatakasirika.

KIWANDANI

Mbarara na wilaya za jirani ni nchi ya maziwa. Maziwa yakishakamuliwa yanatakiwa kupozwa hadi kama nyuzi 4 za Selsiasi, na tangi la kupozea likisimama kila saa ni hasara. Hapo mwajiri hutaka bodi mpya mara moja, nasi hatumpingi. Weka mpya, kazi iendelee. Lakini tafuta kwanza kilichoiua ile ya zamani, na isitupwe. Ipelekwe kwenye meza ya fundi, ipimwe, itengenezwe, ijaribiwe, iandikwe tarehe na ugonjwa wake, kisha iwekwe stoo kuwa akiba. Kutengeneza na kununua si maadui. Kiwanda chenye busara hufanya yote mawili.

Tunalolipinga ni jambo jingine. Kuna mahali ambapo fundi wa umeme hafanyi tena kazi ila kuchomoa bodi na kuchomeka nyingine. Michoro ya mashine imefungiwa kabatini, bodi kuukuu zinatupwa jalalani, na likitokea jambo gumu anaitwa mtu kutoka mbali. Kidogo kidogo ujuzi wa fundi unakufa, na ujuzi ukifa hana la kusimamia anapodai mshahara wa fundi. Basi wawakilishi wetu walete mezani madai haya: michoro ya mashine ipatikane kwa mafundi, kiwepo chumba chenye mita na pasi, na vijana wafundishwe kazini. Tusione ni kuomba makuu. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji wa baadhi ya vyombo vya nyumbani wakubali kuvitengeneza hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Ikiwa nchi zenye mali zimeona kutupa ovyo ni hasara, sisi tutasemaje?

Hata hivyo, ndugu zetu, iko siku ambapo mfanyakazi ndiye anayepaswa kusema: "Hapana, nunueni mpya." Mashine nyingi zina kitufe chekundu cha kuisimamisha ghafla, na swichi zinazoizuia kuzunguka kifuniko kikiwa wazi. Bodi au rilei ya ulinzi huo ikiharibika, isiungwe kwa waya ili zamu iendelee. Iwekwe nyingine ya aina ile ile iliyokubaliwa na watengenezaji wa mashine, na mpaka itakapofika mashine isimame. Hapo msimamizi akisema "tengeneza tu, tuokoe pesa," anayeokoa pesa si yule ambaye mkono wake uko karibu na meno ya mashine.

TUJIKINGE

Umeme wetu wa ukutani ni volti 240. Ndani ya vyombo vingi kapasita kubwa hujazwa hadi kama volti 340, na huweza kubaki hivyo hata waya ukiwa umechomolewa. Chomoa, ngoja, kisha pima kabla ya kugusa.

Risasi ya kulehemu ya kawaida, mchanganyiko wa bati na risasi halisi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ile isiyo na risasi huyeyuka kama nyuzi 217, ndiyo maana vyombo vingi vya siku hizi vinahitaji pasi yenye joto zaidi. Risasi ni sumu, na watoto huumizwa nayo zaidi. Fanya kazi penye hewa, usile mezani hapo, nawa mikono kwa sabuni, na usiwaache watoto wachezee mabaki. Bodi na betri kuukuu zisichomwe moto. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 nchini Uganda inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Si hisani, ni haki.

KWA KUMALIZA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa bodi tunaongeza: kabla ya kuziba ufa, tafuta maji yanayoubomoa ukuta. Bodi iliyotengenezwa bila kujua kilichoiua itakufa tena, na bodi mpya iliyowekwa bila kujua itaifuata. Kwa hiyo mtu akikwambia bodi imekufa, usitoe pesa kwanza. Mwulize: nini kimeiua? Akikuonyesha kwa mita, msikilize. Akishindwa kukuonyesha, chukua kifaa chako utafute fundi mwingine. Mwenzetu wa Nakivale aligharimia rigyuleta mbili kabla ya kuuliza swali hilo, na dawa yake ilikuwa kukaza bolti na kubadilisha transista moja.