Bunduki ya ukutani: Ni urithi wa babu au hatari kwa mtoto?

Siku ya arobaini ya baba mkubwa, nyumbani kwake Tanga, sisi watu wazima tulikuwa barazani tukizungumzia mirathi. Sebuleni, mtoto wa binamu yangu mwenye miaka tisa alipanda kiti, akaishusha bunduki ndefu iliyokuwa imetundikwa ukutani miaka yote, akaivuta nyundo yake nyuma kwa mikono miwili na kumlenga dada yake. Tulisikia "ka!", kisha vicheko.

Hakuna aliyeshtuka. Kwetu lile lilikuwa pambo tu. Kilichotuumiza vichwa ni bei yake.

"Hii aliileta babu kutoka Pangani, enzi za misafara ya pembe," alisema baba mdogo. Kuna mtu alikuwa tayari kutoa shilingi milioni nne, na ndugu walishaanza kununiana. Binamu yangu alikumbusha kwamba marehemu alikuwa baharia na huenda aliinunua Ulaya. Shangazi akaamua: kesho yake twende polisi, aje mtu anayezijua silaha aitazame.

Ya kale au ya kuiga?

Bunduki yenyewe ni ya gumegume. Nyundo yake hushika kipande cha jiwe gumu. Ukivuta kifyatulio, jiwe hugonga bati la chuma, cheche huangukia baruti iliyo kwenye kisahani kidogo, na moto hupita katika tundu jembamba hadi kwenye baruti iliyoshindiliwa ndani ya mtutu. Kama magobore mengine, hujazwa kwa kupitia mdomo wa mtutu.

Bunduki za namna hii zilifika pwani yetu kwa wingi karne ya 19, nyingi zikitoka Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji. Lakini zipo pia zilizotengenezwa juzi tu. Wamarekani walipoadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1961 na 1965, hamu ya silaha za kale ilipanda. Viwanda vya Italia, hasa vya Gardone Val Trompia karibu na mji wa Brescia, vikaanza kutengeneza nakala zake kwa wingi.

Mkaguzi wa polisi hakuanza na umri wala bei. Alitutoa sote nje, watoto wakapelekwa kwa jirani. Kisha akaielekeza bunduki mahali pasipo na mtu na kuanza kutuonyesha.

Kwanza, mtutu ulikuwa na pembe nane na ndani yake mlikuwa na mifereji inayozunguka. Bunduki za biashara zilizoletwa kwetu zamani kwa kawaida zilikuwa laini ndani. Umbo la hii, na kijumba cha shaba kilichochongewa kwenye kitako, ni la bunduki ndefu za Pennsylvania, Marekani, za karne ya 18.

Pili, chini ya mtutu kulikuwa na mihuri midogo ya Italia ya kupimwa kwa baruti, namba ya bunduki, kipimo cha risasi, na maandishi ya Kiingereza yanayoonya itumike baruti nyeusi pekee. Fundi wa miaka 200 iliyopita hakuwa na sababu ya kuandika hivyo, kwani baruti nyingine haikuwapo.

Baba mdogo alinyamaza. Bunduki ya babu ilikuwa nakala ya kiwandani.

Wajanja huifuta mihuri hiyo kwa tupa na kuutia mtutu kutu ya haraka ili nakala ionekane kongwe. Ukiona sehemu iliyosuguliwa mahali muhuri ungepaswa kuwa, au kutu inayolingana kila mahali huku skrubu zikiwa mpya, shuku.

Thamani yake iko wapi?

Nakala haipandi bei kwa kuzeeka tu. Hupimwa kwa jina la kiwanda, ubora wa kazi na hali iliyonayo. Nchini Marekani, ambako watu hushindana kulenga shabaha nazo, nakala nzuri mpya huuzwa kwa mamia ya dola, nyingine zaidi ya 1,000. Kuukuu yenye kutu ndani ya mtutu hushuka sana.

Mkaguzi alitueleza anachotazama. Mbao zikumbatie chuma bila mianya iliyozibwa kwa gundi. Tundu la moto liwe jembamba, lilingane na kisahani. Likipanuka, limechakaa au limechokonolewa. Mtutu usiwe na uvimbe wala ufa. Nyundo ikivutwa nusu, ikae hapo hata ukigusa kifyatulio. Ya kwetu ilianguka. Hilo peke yake, alisema, linaifanya isifae kupewa mtu.

Kijiti kilichogoma

Kisha akatelezesha kijiti ndani ya mtutu, akatia alama, akakilaza juu yake kwa nje. Kingefika usawa wa tundu la moto kama mtutu ungekuwa mtupu. Kiliishia mbali nalo, kama upana wa vidole vitatu.

"Hii ina kitu ndani," alisema.

Shangazi akashika kichwa. "Jamani, nguruwe pori! Mwaka ule wa shamba la Muheza alisema anawatengenezea kitu cha kuwatisha."

Mkaguzi alimimina maji kwanza, kisha akatoa mzigo taratibu: kitambaa, goroli la risasi na baruti. Baruti nyeusi iliyokaa kavu haifi kwa kuzeeka. Kilichotuokoa ni kwamba kile kipande cha jiwe kilikuwa kimeanguka siku nyingi. Nyundo ilipopiga "ka!", haikuwa na cha kutoa cheche.

Mama wa yule mtoto alikaa chini palepale kwenye mchanga.

Nilichojifunza ni kwamba neno "nakala" linadanganya. Nakala nzuri ina mtutu mpya na imara, hivyo inaweza kufyatuka vizuri kuliko ile ya kale iliyoliwa na kutu.

Mzazi, fanya haya

*Usiipime mwenyewe.* Usichungulie mdomo wa mtutu, usijaribu kifyatulio, usichokonoe. Waondoe watoto, uite polisi waje ilipo.

*Tafuta vilivyoambatana nayo.* Sisi tulikuta mfuko wa magoroli ya risasi kwenye droo ya vitambaa. Madini hayo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo unaokua, na watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni. Ukiyagusa, nawa kwa sabuni. Kama mtoto amemeza au amekuwa akiyachezea, mpeleke kituo cha afya na ueleze wazi ni kitu gani.

*Usiiingize kwenye hesabu ya mirathi kabla ya sheria.* Leseni ya silaha ni ya mtu aliyepewa. Warithi hawaipati pamoja na bunduki.

*Ikionekana ya kale kweli, usiisugue wala kuiuza haraka.* Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Bunduki ya baba mkubwa ilibaki polisi, maana hatukukuta karatasi yake yoyote. Milioni nne hazikupatikana, na ugomvi ukaisha kwa kukosa cha kugombea. Pale ukutani shangazi ametundika picha ya marehemu akiwa na sare zake za ubaharia. Watoto wakiuliza bunduki ilikwenda wapi, huwaeleza yote, pamoja na habari ya nguruwe.