Injini ya Boti Ikichemka, Fuateni Maji Kwanza



Vikundi vingi vya kando ya ziwa na vya pwani vina injini ya boti, na vingi bado vinailipia mkopo. Injini ikinoki, mkopo haunoki. Mtaendelea kudaiwa kila mwezi huku boti imelala mchangani. Ndiyo maana safari hii tunazungumza juu ya injini kuchemka, kwa sababu mara nyingi ni ugonjwa ambao kikundi chenyewe kinaweza kuutibu kwa spana na kipande cha waya.

Gari lina rejeta yake. Injini ya boti haina, rejeta yake ni ziwa au bahari yenyewe. Maji huingia kwenye matundu madogo yaliyo kando ya mguu wa injini, juu kidogo ya propela. Ndani ya mguu kuna pampu yenye gurudumu la mpira, yaani impela, na hiyo ndiyo huyasukuma maji mpaka juu kuzunguka silinda. Kisha mengi hurudi chini na kutoka pamoja na moshi, na machache hutoka kwa nyuma kama mkojo wa mtoto. Mkojo huo ndio daktari wenu. Nahodha asiondoke ufuoni kabla hajauona, na akiwa safarini ageuke autazame kila mara.

Je, ukikatika mkiwa katikati ya maji? Punguzeni mwendo mara moja. Usipotokea tena kwa muda mfupi, zimeni injini, tieni nanga ili upepo usiwapeleke, na kila mtu awe amevaa jaketi la kuokolea (haikuwekwa botini ili ikaliwe!). Inueni mguu mtazame yale matundu ya kuingizia maji. Upande wa Winam mtakuta mizizi ya gugumaji, jambo ambalo wavuvi wa huko wamelijua tangu miaka ya 1990. Kwingine ni karatasi ya nailoni au kipande cha wavu. Toeni uchafu wote. Halafu chomekeni waya mwembamba au uzi mgumu wa mshipi katika tundu la mkojo, maana nyigu na matope huliziba, na hapo injini ni nzima ila mkojo tu ndio umezibwa.

Mtu asimwagie kichwa cha injini maji baridi kwa haraka ya kuipoza. Chuma chenye moto kikipata baridi ya ghafla hupasuka. Iacheni ipoe yenyewe, hata kama ni nusu saa. Mkitaka kujua imepata moto kiasi gani, dondosheni tone moja la maji juu ya kichwa. Likitoa sauti ya kukaanga, imezidi sana.

Kama matundu ni safi na mkojo bado ni hafifu, rudini pwani polepole au kwa kasia, kisha mfungue pampu. Hapa ndipo tunataka msikilize vizuri. Kikundi kimoja cha wavuvi tulichokitembelea kilikuwa kimetumia pesa nyingi kwa injini ya kuchemka. Kwanza walibadilisha plagi. Fundi akafungua kichwa, akaweka gasketi mpya, ikachemka tena. Ndipo mtu akafungua pampu na kukuta impela imekatika, wakaweka mpya, mkojo ukarudi, wakashangilia. Baada ya wiki moja injini ikachemka tena! Impela ya zamani ilikuwa na mbawa sita, na waliyoitupa ilikuwa na nne. Zile mbili zilikuwa zimepanda na maji na kukwama kwenye mfereji wa juu. Hakuna aliyezihesabu.

Kwa hiyo mkifungua pampu, hesabuni mbawa. Ikiwa moja haipo, itafuteni mpaka ionekane. Kwanza toeni waya za plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Fungueni bolti zinazoshika mguu wa chini (katika injini nyingine kuna fimbo ya gia ya kufunguliwa kwanza), mshusheni mguu, na juu yake mtaona nyumba ya pampu. Mbawa zikiwa zimepinda na hazinyooki tena, au mpira umekuwa mgumu au umepasuka, impela imekwisha. Tazameni pia kama nyumba yenyewe imechimbika kwa mchanga. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachoshikanisha impela na shafti. Kikianguka mchangani kazi imesimama, kwa hiyo tandikeni gunia chini. Wakati wa kurudisha, pakeni maji ya sabuni na mzungushe shafti kama mshale wa saa unavyokwenda, mkitazama kutoka juu, ili mbawa zilale upande unaofaa.

Impela ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na pistoni. Badilisheni kila mwaka, na mapema zaidi kama mnaegesha kwenye maji ya matope au mchanga. Tena msiwashe injini nchi kavu “kuijaribu tu”. Impela hulainishwa na maji, na sekunde chache za kukauka zinatosha kuiunguza.

Pampu ikiwa nzima na injini bado inachemka, shuku thamostati. Ni mlango mdogo kwenye kichwa cha injini, hufungwa injini ikiwa baridi na hufunguka ikipata joto. Itoeni, mwifunge kwa uzi, muining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, mkoleze moto. Inapaswa kufunguka kabla maji hayajachemka. Maji yakichemka nayo bado imefungwa, nunueni nyingine. Mafundi wengine huitoa na kuitupa kabisa. Sisi hatushauri hivyo: injini itakuwa baridi kupita kiasi, plagi zitajaa masizi na petroli itapotea.

Ndugu wa pwani, adui yenu mwingine ni chumvi. Huganda ndani ya njia za maji kama magamba ndani ya birika la chai, na mkojo unaweza kuonekana mzuri huku juu kunaungua. Mkirudi jioni, toeni propela, wekeni mguu ndani ya pipa la maji baridi ya kisima, maji yafunike yale matundu, injini iungurume polepole bila gia kwa dakika kumi.

Kuna pia boti ambazo injini imefungwa juu mno. Bamba lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya boti au chini yake kidogo. Likiwa juu, pampu hunyonya hewa, hasa kwenye mawimbi. Wanaonunua injini ya mtumba wapime urefu wa mguu kabla ya kulipa: ule mfupi ni kama sentimita 38 na mrefu 51.

Mwisho ni oili. Injini nyingi za tustroku huchanganya 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, lakini someni kitabu cha injini yenu. Oili ikipungua, joto hupanda hata kama maji yanapita vizuri. Chagueni mtu mmoja wa kuchanganya, awe na kikombe kimoja cha kupimia, na aandike katika daftari la kikundi tarehe ya kila mchanganyo na tarehe impela ilipobadilishwa.